Aliyejua Kupoza Pampu

Garsen nzima ilimwita Fundi, nami nilimwita hivyo hivyo. Mafundi wengine mjini walikuwa na nyongeza: fundi viatu, fundi wa pikipiki, fundi wa simu. Yeye alikuwa Fundi tu, na aliyetumwa kumwita hakukosea mlango.

Nilifanya kazi naye miaka minane katika kituo cha kujazia mitungi ya oksijeni, pembeni mwa njia iendayo soko la ng'ombe. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni Mombasa na diploma ya umekanika. Yeye alikuwa ametoka mtoni, ambako kwa zaidi ya nusu ya maisha yake alitengeneza pampu za kunyweshea mashamba, kutoka Ngao hadi kule mto unakokaribia bahari. Siku ya kwanza aliniuliza nimesomea nini. Nikamweleza kirefu, na vyeti nikamtajia. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Vizuri, Diploma," akasema. "Sasa kaa hapa uisikilize hii pampu, uniambie inasema nini."

Nikakaa, nikasikiliza. "Inanguruma tu, Fundi."

"Basi kaa tena," akasema, akaenda zake kunywa chai.

Nilikaa siku ile, na kesho yake, na karibu wiki nzima. Siku ya sita nikasikia ndani ya ule mngurumo kitu kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo la bati. Nikamkimbilia. Alishika bomba, akainamisha kichwa, akafunga vali moja nusu mzunguko, na kokoto zikanyamaza. Hakunipongeza. Alisema tu kwamba sasa naweza kuanza kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lori la tangi lilituletea oksijeni ikiwa kimiminika cha rangi ya buluu hafifu, chenye baridi ya nyuzi mia moja themanini na tatu chini ya sifuri. Tuliihifadhi katika tangi refu jeupe lenye kuta mbili, kama chupa ya chai. Pampu ndogo iliivuta kutoka tangini na kuisukuma kwa nguvu kwenye mabomba yenye mapezi, ambako joto la Garsen liliigeuza kuwa hewa, na hewa hiyo ikaingia mitungini. Mitungi ikaenda hospitali za bonde zima. Pampu hiyo haikuzidi ukubwa wa ndoo mbili, lakini ikigoma, tangi hata likijaa pomoni halikuwa na faida kwa mgonjwa yeyote.

Kilichoigomesha mara nyingi ni mapovu. Fundi alikuwa na njia yake ya kulifundisha jambo hili. Kwenye rafu ya karakana aliweka impela ya shaba, yale mapanga yanayozunguka ndani ya pampu ya maji, ambayo aliitoa shambani Ngao zamani. Kingo zake zilikuwa zimeliwa, tundu kwa tundu, kama kanga iliyosahaulika sandukuni ikapata nondo. Kila mgeni alipewa aishike.

"Nani ameila?" angeuliza.

"Kutu," mgeni angesema. Au, "Mchanga wa mto."

"Mchanga husugua, hulainisha. Huyu ameng'atwa. Angalia tena."

Kisha angeeleza. Pampu ikivuta maji kwa pupa kuliko yanavyoweza kuja, mahali pale panapovutwa presha hushuka, na maji huchemka bila moto. Hutoa viputo. Viputo hivyo hupelekwa mbele, kwenye msukumo, na huko hubanwa vikafa ghafla. "Kuzaliwa kwa kiputo si kitu," alisema. "Ubaya uko kwenye kufa. Kikifa, maji ya pande zote yanakimbilia pale kilipokuwa, yanagongana, na kama pana chuma karibu, chuma kinapigwa nyundo. Nyundo ndogo, ndogo sana. Lakini kwa siku zinapigwa ngapi?"

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyeona kwa macho yake mwenyewe. Vitabu vyangu vilikubaliana naye kila neno.

Baridi aliijua kabla ya kufika kituoni. Kulikuwa na miaka ambayo alizunguka na daktari wa mifugo, kazi yake ikiwa kulinda ule mtungi mnene wa naitrojeni unaohifadhi mbegu za fahali. Humo ndimo alimojifunza kwamba kuna vimiminika ambavyo maisha yake yote viko ukingoni mwa kuchemka, na kwamba kwavyo hata kivuli cha mti ni jiko. Alipenda kusimulia habari ya mzee mmoja wa Kiorma aliyeleta mitamba yake, akaona barafu nyeupe imeganda shingoni mwa mtungi saa saba ya mchana, jua likiwaka.

"Hii ni chumvi?" yule mzee akauliza.

"Si chumvi, ni baridi."

"Baridi ya wapi?"

"Ya humu ndani."

Mzee akaugusa ule weupe kwa ncha ya fimbo yake, akautazama ukiyeyuka, akasema, "Basi funga vizuri. Isije ikatoka, ikaua nyasi."

Fundi alicheka kila aliposimulia, lakini alimaliza kwa kusema kwamba yule mzee ndiye mteja pekee aliyewahi kuuliza maswali kwa mpangilio unaofaa.

Hakuwa mtu mpole. Nalisema hili kwa sababu siku hizi wanaomkumbuka humfanya kama mtakatifu, naye angechukia. Kwa mashine alikuwa na subira isiyo na mwisho. Kwa watu subira yake ilikwisha kabla ya salamu. Aliweza kukaa nusu saa akingoja pampu ipoe, akifungua kimiminika kidogo kidogo kipite ndani yake mpaka chuma chote kishike baridi, kwa sababu pampu ya moto ikipewa oksijeni baridi huichemsha papo hapo, na hapo utavuta mapovu matupu. Lakini dereva akichelewa dakika tano, angeyasikia hayo mwezi mzima. Alikuwa bahili wa ajabu. Uzi uliokatika aliufunga fundo. Mvuke mweupe ukitoka kwenye kiungo cha bomba, hata kidogo, aliuendea kama mtu aliyemwona mwizi. Halafu huyo huyo, wanafunzi wa shule wakitutembelea, alimimina sakafuni bakuli zima la naitrojeni aliyoiomba kwa daktari wa mifugo ili waone matone yakikimbia juu ya saruji kama mende, naye akicheka kuliko wao.

Alikuwa msafi kupita kiasi, na hapo alikuwa na sababu. Oksijeni na mafuta havikai pamoja. Tone la grisi kwenye vali laweza kuwaka kama baruti. Kwa hiyo alituzuia kuja kazini tukiwa tumepaka mafuta mikononi. Mimi ngozi yangu ilikauka ikapauka kama mtu aliyetoka kupepeta unga. Mama yangu akaniuliza kama kazini kwetu hakuna hata mafuta ya nazi. Nikamwambia Fundi. Akasema, "Mwambie mama yako ngozi hurudi."

Pale nje ya lango palikuwa na mama aliyeuza chai na mahamri. Huyu ndiye mtu pekee aliyemweza. Fundi akilalamika chai imechelewa, alimjibu, "Ngoja nipoze sufuria kwanza, Fundi. Si ndivyo mnavyofanya huko ndani?" Naye akakaa, akangoja kama wengine.

Sifa yake niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kwamba jambo lisiloeleweka lilimnyima raha. Mwaka wa tatu wetu pamoja tulifungua pampu ya oksijeni kuibadilisha sili, ile pete inayozuia kuvuja. Akazigeuza zile sehemu za ndani mkononi, akazipeleka juani, akazirudisha.

"Diploma. Hii pampu imelia kokoto mara ngapi?"

"Nyingi, Fundi."

"Mbona haijang'atwa?"

Kweli. Sili ilikuwa imeungua kwa kukimbia kavu, lakini chuma kilikuwa laini, na zile tundu za nondo hazikuwapo isipokuwa chache, za kina kifupi. Pampu ya mtoni yenye kelele kama zile ingekuwa imetobolewa kitambo. Nilisema pengine ni ubora wa chuma. Hakuridhika. Kwa miezi kadhaa, katikati ya mazungumzo mengine kabisa, angesema ghafla, "Yule kiputo wa baridi hana meno. Kwa nini?"

Nikamwandikia mwalimu wangu wa chuo, naye akanielekeza pa kusoma. Nilipoelewa, nilimkuta Fundi kwa mama wa chai, nikamweleza hapo hapo. Kiputo ili kizaliwe lazima kipate joto la kugeuzia kimiminika kuwa mvuke, na joto hilo hulichukua kwa kimiminika kilicho jirani. Katika maji ya mtoni mvuke ni mwepesi mno, joto linalotakiwa ni dogo, jirani hajui hata kama amechukuliwa kitu. Lakini katika oksijeni baridi mvuke ni mzito. Kiputo kinachukua joto jingi, na jirani naye anapoa zaidi, na akishapoa hataki tena kuchemka. Kwa hiyo kiputo hujizuia chenyewe kukua, na kikifa hufa polepole, bila kishindo kile.

Fundi aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo kinapozaliwa kinaifanya nyumba yake iwe baridi zaidi."

"Ndiyo."

"Na mwenziwe anashindwa kuzaliwa."

"Ndiyo, Fundi."

Akageuka kwa mama wa chai. "Umesikia?"

"Nimesikia," yule mama akasema. "Hapa sufuriani kwangu vinazaliwa vyote."

Wiki nzima alikuwa na furaha. Aliwaeleza madereva, aliwaeleza askari wa lango, alimweleza hata mchungaji aliyekuja kuomba mchango wa mabati ya kanisa.

Sasa niseme juu ya kiburi chake, maana bila hicho picha hii ni ya mtu mwingine.

Fundi hakuvumilia kusahihishwa mbele za watu. Ukimwita pembeni ukamwonyesha kosa lake, alilikubali mara moja, hata akakushukuru kwa namna yake ya kuguna. Lakini ukimwambia hadharani, alijifunga kama kobe. Tulipata meneja mpya, kijana msomi, mchapakazi, mwenye haraka. Asubuhi moja malori mawili yalikuwa yakingoja mitungi, na Fundi alikuwa bado anapoza pampu. Meneja akatoka ofisini.

"Mzee, unaipoza pampu au unalea mgonjwa?"

Madereva wakacheka. Fundi aliendelea kupoza.

"Watu wanangoja. Kuanzia leo usiiguse pampu hii mpaka uitwe. Huyu dada ataiendesha."

Huyo dada nilikuwa mimi. Nilitazama chini. Fundi alifunga vali, akavua glavu, akazikunja moja ndani ya nyingine, akazikabidhi kwangu. "Mpaka niitwe," akasema, bila hasira hata kidogo, akatembea mpaka kwake.

Siku nne baadaye mto ulivunja kingo.

Sisi wa Tana tunajua mafuriko, hatuyashangai, tunayahesabu. Lakini safari ile maji yalikata barabara ya Malindi, na lori letu la oksijeni likakwama ng'ambo. Tangini ilikuwa imebaki chini ya robo. Hilo lisingekuwa tatizo kubwa, kama pampu ingeshika. Haikushika. Kimiminika kikipungua tangini, uzito wake wa kusukumia pampuni hupungua pia, na pampu hubaki kuvuta peke yake. Nilipoiwasha nilisikia kokoto tangu sekunde ya kwanza, kisha sindano ya geji ikatetemeka na kuanguka sifuri. Nikapoza, nikarudia. Nikapoza zaidi, nikarudia. Meneja akaamua tupandishe presha ya tangi ili isaidie kusukuma. Tukapandisha. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili, tangi likikaa na presha yake juani, na pampu ikilia kokoto.

Asubuhi ya siku ya tatu simu ililia. Alikuwa muuguzi wa hospitali moja ng'ambo ya maji.

"Dada, nina watoto watatu kwenye mtungi mmoja," akasema. "Na wodi ya wakubwa nina wawili wanaohema vibaya. Mtungi huu hautafika jioni. Mnaleta au hamleti?"

"Tunaleta," nikasema.

Nilikata simu nikamtazama meneja. Alikuwa amekaa juu ya mtungi mtupu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Mwite," akasema.

Sikutembea, nilikimbia. Nilimkuta Fundi amekaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, amevaa ovaroli yake safi na viatu vya kazi vimefungwa kamba. Nikadhani alikuwa na safari.

"Shikamoo, Fundi. Unaitwa."

"Marahaba," akasema, akasimama. Njiani aliniuliza mambo mawili tu: tangi limekaa na presha muda gani, na je, tumeitoa hata mara moja? Nikamwambia siku mbili, na hapana.

Alipofika aliweka kiganja juu ya bomba la kuvutia. Kisha akatazama geji ya tangi.

"Mmeipa presha mkaiacha," akasema. "Oksijeni imeshaizoea. Imepata joto mpaka ikalingana na presha yenyewe, sasa iko ukingoni kuchemka kama kawaida yake, ila ukingo umepanda juu. Mkiivuta kidogo tu, inachemka. Lazima itolewe presha yote."

"Kutoa vipi?" Meneja akauliza.

"Kufungua juu. Itachemka, itapoteza kiasi, na kile kitakachobaki kitapoa. Halafu tunafunga, tunaipa presha upesi upesi kutoka juu, na kabla joto halijashuka chini tunavuta. Polepole."

"Tutapoteza kiasi gani?"

"Sijui. Si kidogo."

Meneja akasimama. "Tuna robo haijafika, watu wanakufa, na wewe unataka kuifungulia hewani? Mzee, unamwaga pumzi za watu!"

"Pumzi iliyo tangini bado haijawa ya mtu," Fundi akasema.

Wote wawili wakanigeukia, maana daftari la ruhusa ya kufungua vali lilikuwa na sahihi yangu. Nilijua anachosema ni kweli. Nilikuwa nimekisoma, kwa maneno mengine, na nilipaswa kukikumbuka siku ya kwanza. Nilijua pia kwamba nikikosea, hakutakuwa na robo ya kujaribia tena. Nilimtazama yule mzee aliyekuwa akifukuza mvuke wa kiungo cha bomba kama anafukuza mwizi.

"Tufungue," nikasema.

Fundi hakukimbilia vali. Alitoka kwanza nje ya lango. Upepo ulikuwa ukielekea mbugani, lakini hakuuamini. Akamwambia mama wa chai azime jiko.

"Na mahamri yangu yaliyo kwenye mafuta?"

"Mama, yatoe. Tunaachilia oksijeni. Cheche moja huku, hatutapata wa kumlaumu."

Yule mama akayaepua, akamwaga maji juu ya makaa. Waendesha bodaboda wakasukuma pikipiki zao kwa mikono, injini zimezimwa, mpaka kule kwenye vichaka vya mathenge. Ndipo Fundi akarudi, akavaa glavu, akafungua.

Wingu jeupe lilitoka kwenye bomba la juu kwa mvumo kama wa basi linalopanda daraja. Lilikwenda kwa muda mrefu. Meneja aliondoka, hakuweza kutazama. Mimi nilisimama kwenye geji, Fundi akisimama nyuma yangu, na kila nilipotaka kusema basi, alisema, "Bado." Sindano ikashuka, ikashuka. Ubao wa kiasi nao ukashuka. Nilihisi machozi, si ya huzuni, ni ya kuona kitu kile kinakwenda bure. "Bado," akasema. "Bado." Kisha akafunga.

Aliiongezea presha kwa bomba la pembeni linalorudisha mvuke juu ya tangi, haraka, mikono yake ikizunguka vali kama ya kijana. Pampu nilikuwa nimeshaipoza mpaka ikaota barafu nyeupe. "Washa," akasema. "Mwendo wa chini kabisa."

Nikawasha. Sote wawili tukainamisha vichwa. Hakukuwa na kokoto hata moja. Sindano ikapanda taratibu, ikasimama pale inapotakiwa, ikakaa.

Tulijaza mitungi yote iliyokuwa ikingoja. Trekta ikaipeleka mpaka penye kina, na huko mashua ya injini ikaipokea. Jioni muuguzi alipiga simu tena. Watoto watatu wote walikuwa wanapumua vizuri. Katika wodi ya wakubwa mmoja alikuwa amepata nafuu. Wa pili, mkulima mzee, alifariki adhuhuri, mitungi ikiwa bado majini.

Nilimweleza Fundi. Nilitegemea angesema ni kazi ya Mungu, kama sote tulivyosema. Aliuliza, "Adhuhuri saa ngapi?" Nikamwambia sikujua. Akaenda zake.

Meneja, nimpe haki yake, alimwendea kesho yake mbele ya wafanyakazi wote na kumwomba radhi. Fundi alimpa mkono, akasema hana kinyongo. Mwezi uleule akaacha kazi. Alisema umri. Tukamwandalia chakula, tukampa redio, na mimi nikabaki na pampu.

Mwaka mmoja na nusu ulipita kabla sijamwona tena. Nilikuwa nimepata nafasi ya kuendelea na masomo, nikaona si vizuri kuondoka bila kumuaga. Nikaambiwa anaishi upande wa Ngao, nikachukua bodaboda. Kwake sikumkuta. Mkewe akanionyesha njia ya mtoni: "Fuata mlio wa pampu."

Nilimkuta kwenye shamba la migomba na mpunga, suruali imekunjwa magotini, akielekeza maji kwenye mfereji kwa jembe. Alikuwa amekonda kidogo, lakini mkono ulikuwa uleule. Tukasalimiana. Nikamwambia habari ya masomo, akafurahi, akaniuliza kama huko watanifundisha vimiminika vilivyo baridi kuliko oksijeni. Nikasema natumaini. Nikalisifu shamba.

"Shamba zuri, Fundi. Sikujua una ardhi kubwa hivi."

"Si langu," akasema.

Mama mmoja alikuja kutoka upande wa nyumba, mtu mzima, amebeba sahani ya ndizi za kupika na samaki. Akanikaribisha, akaweka sahani kwenye kivuli.

"Huyu baba," akaniambia, "tangu mume wangu afariki, hajaacha shamba letu likauke. Pampu yake, dizeli yake. Nikimpa kitu hapokei, chakula tu. Mimi hata sijui tulimtendea wema gani." Akarudi kwake kuleta maji ya kunywa.

Niliweka sahani chini. "Fundi. Mumewe ni yule wa hospitali?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Lakini ulikuja ulipoitwa. Ulifanya kila kitu."

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. Alisema akitazama maji, si mimi. "Upepo ulikuwa unaleta mlio mpaka kwangu. Nilisikia pampu inalia, nikajua tangi limepungua. Siku ileile nikajua mmelipa presha, maana mlio ulibadilika. Nilivaa nguo za kazi nikakaa mlangoni. Siku mbili. Nilikuwa nangoja niitwe."

Maji yalikuwa yakijaa kwenye jaruba moja na kumwagika katika jingine.

"Pengine angekufa vilevile," akaendelea. "Alikuwa mzee, mapafu yamechoka. Mimi najiambia hivyo. Lakini sijui, na sitajua."

"Nami nilijua mlango wako," nikasema. "Sikuja. Nilimwogopa meneja, na nilitaka kuiweza mwenyewe."

Aligeuka kwangu. "Hilo ni lako," akasema, si kwa ukali. "Hili ni langu."

"Umemwambia yule mama?"

"Kila msimu nasema nitamwambia. Nikija namkuta amepika."

Yule mama alikuwa anarudi, jagi mkononi, akitembea juu ya ukingo wa mfereji kwa uangalifu asikanyage mpunga. Fundi alimtazama akija. Kisha akajifuta mikono kwenye shati, akaenda kwenye pampu, akapunguza mafuta taratibu mpaka injini ikakohoa na kuzima. Mlio ulipokwisha, tukaanza kuwasikia ndege.

"Mbona umezima?" yule mama akauliza. "Maji hayajafika mwisho."

"Yatafika," Fundi akasema. "Weka jagi chini, mama, uketi. Nina neno lako, nami nataka ulisikie lote."